Kiwele cha Baghala

Loisi hakuwa na punda hata mmoja, lakini zizini kwake walilala punda kumi na mmoja. Ukishangaa, basi hujakaa Ugogo. Kule mwenye mifugo mingi haiweki yote nyumbani kwake. Anaigawa, wawili kwa huyu, watano kwa yule, ili ugonjwa au wezi wasije wakammaliza siku moja. Aliyewekewa anachunga, anatibu, anawatumia kubeba maji na nafaka, na mnyama akizaa mara tatu, mtoto wa tatu ni wa mchungaji. Huo ndio ujira wake, hakuna mwingine. Mnyama akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Ukisema amekufa na ngozi huna, umeshakuwa mwizi, na jina hilo likikuganda hakuna atakayekuwekea hata kuku.

Huyu Loisi alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mkavu wa maneno, mwenye mikono ya taratibu. Zamani yeye na mumewe walikuwa na ng'ombe arobaini na kitu. Ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe, ikafagia zizi zima kwa siku tisa, na mume naye hakukaa, njaa ya mwaka uliofuata ikaondoka naye. Kilichobaki ni kisu kidogo cha kukatia alama masikioni, kimechomekwa kwenye miti ya dari ya nyumba yake ya tembe. Kila ukoo ulikuwa na alama yake, na ya mumewe ilikuwa mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Miaka ishirini na zaidi kisu kile hakikugusa sikio la mnyama, maana huyo mtoto wa tatu kila mara alikuwa hafiki. Mmoja aliliwa na fisi. Mwingine, mwenye mali alikuja akamchukua mama yake akiwa na mimba, kwa kisingizio cha msiba. Hata hivyo Loisi hakuchoka kulea vya watu. Ukimkabidhi punda mwenye kidonda cha mgongo, baada ya mwezi ulikuwa unauliza kidonda kilikuwa upande gani.

Basi reli ikaja. Wajerumani walitandaza chuma chao kutoka pwani mpaka Dodoma, wakapiga kambi, wakapiga na watu viboko, na wakaja na wanyama ambao wenyeji hawakuwa wamewazoea. Mmoja wao ni baghala. Wengine humwita nyumbu, lakini usimchanganye na nyumbu wa porini, yule mwenye ndevu. Huyu ana mwili wa farasi na masikio ya punda, na nguvu zake Mungu ndiye anayezijua. Baghala ndio waliovuta mapipa ya maji ya kambi nzima. Halafu garimoshi likafika, likaanza kuleta maji lenyewe, na baghala wakabaki wamesimama kutwa wakifukuza nzi. Kambi iliposogea kuelekea Tabora, wengine walikwenda nayo na wengine wakatafutiwa wa kuwachukua.

Hapo ndipo alipojitokeza Matonya. Matonya alikuwa tajiri wa upande ule, mwenye ng'ombe mia mbili, wake wanne na sauti ya kusikika ng'ambo ya korongo. Akatoa maksai wawili wanono, akapewa baghala jike. Siku ya kumchukua alimwita Loisi waende pamoja kambini, kwa kuwa mnyama angekaa kwake.

Aliyeshika kamba alikuwa Shaban, mtu wa Bagamoyo, mchunga baghala wa kambi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kuachana na mnyama wake.

"Huyu baba yake punda, mama yake farasi," Shaban alieleza. "Tulikuwa na mwingine pia, yeye kinyume chake, mama punda, baba farasi. Alikuwa mdogo kidogo, na masikio mafupi. Ila ukorofi, baba mmoja mama mmoja."

Matonya akapiga makofi. "Kumbe punda na farasi wakikutana wanazaa! Basi na huyu nikimkutanisha na dume langu la punda, nitajaza bonde zima. Wajerumani watakuja kwangu kwa magoti!"

Shaban akafungua mdomo. Mzungu wake alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, ameshazishika kamba za maksai. Shaban akaufunga mdomo wake, akamwangalia Loisi, akampa kamba.

"Nyuma yake usisimame," alimwambia kwa sauti ya chini. "Chini ya tumbo asiguswe na mtu. Na, mama, huyu ni wa kazi. Mtakie kazi tu, usimtakie kingine."

Loisi alidhani anaambiwa asimdekeze. Akaitika, wakaondoka. Na hebu niambie, nani angeuliza zaidi? Mnyama jike ni jike. Hata wewe usingeuliza.

Wakamwita Reli, kwa kuwa alikuja na reli.

Kwa kazi, Reli alikuwa hana mfano. Maji waliyobeba punda wanne kutoka visima vya mchangani, yeye aliyabeba peke yake, tena akaongezewa kuni juu. Kwa tabia, alimpiga teke kila aliyemkaribia isipokuwa Loisi. Alimpiga Elieza, jirani wa Loisi, akalala na nyonga wiki mbili. Alimpiga Matonya mwenyewe siku alipokuja kumtazama, na tangu siku hiyo Matonya alimtazama mnyama wake akiwa nje ya uzio. Fisi mmoja aliyejipenyeza zizini alikutwa asubuhi fuvu limebonyea. Tangu Reli aje, hakuna mtoto wa punda aliyeliwa pale kwa Loisi. Lakini hayo Matonya hakuyaona. Yeye alingoja uzao.

Mvua ya kwanza alileta dume lake la punda, likakaa zizini mwezi mzima. Kimya. "Bado mgeni," alisema. Mvua ya pili akaleta dume jingine na mawe ya chumvi. Kimya. Mvua ya tatu hakusema kitu, na hapo ndipo Loisi alipoanza kuogopa. Yeye mwenyewe aliamini Reli atazaa. Alimchemshia mizizi, alimkanda tumbo, na Jumapili moja alimwomba mwalimu wa dini pale Buigiri amwombee mnyama. Mwalimu akakohoa, akasema ataiweka kwenye maombi ya jumla.

Elieza naye hakuwa amesahau nyonga yake. "Mjane anakaa njia ya kwenda Dodoma mjini," alikuwa akisema kwenye pombe. "Mtoto wa baghala akizaliwa alfajiri, saa nne ameshakuwa wa mtu mwingine. Mimi simo, nasema tu."

Maneno hayo yakafika yalikopelekwa. Baada ya mavuno Matonya akaja, akasimama nje ya uzio, hakutaka hata kigoda.

"Mama Loisi, jike lipo, madume nimeleta, mvua tatu zimepita. Watoto wa Reli wako wapi?"

"Hajazaa, baba."

"Ng'ombe wangu wanazaa. Punda wangu wanazaa. Wake zangu wanazaa mpaka nasahau majina. Huyu mmoja tu, aliyeko kwako, ndiye hazai?"

"Kama amezaa akafa ningekuletea ngozi. Lini niliwahi kukosa kukuletea ngozi?"

"Ndiyo maana nauliza. Ngozi sijaona, mtoto sijaona." Akashusha sauti, na kwa Matonya kushusha sauti kulikuwa kubaya kuliko kelele. "Mwezi huu ukiisha, nakupeleka kwa jumbe Hamidi. Yeye atakupeleka kwa Mjerumani. Wanawake hawapigwi viboko hamsa ishirini, nasikia, lakini mnyororo wanafungwa. Na punda wangu wote sita nitawaondoa hapa."

Matonya akiondoa wake, wengine wasingebaki. Loisi alilijua hilo kama anavyoijua njia ya kisimani. Ujane alishauzoea, na umaskini pia. Jina la mwizi ndilo hakujua angeishi nalo wapi. Usiku ule hakula.

Tumaini lake lilikuwa moja tu, na lilikuwa tumboni mwa Kijivu. Kijivu alikuwa punda jike wa Anyesi, mama mmoja mtu mzima, rafiki yake Loisi, ambaye wakati huo alikuwa kwa binti yake Makutupora akimlea mjukuu mchanga. Kijivu alishazaa mara mbili, watoto wote wawili wakaenda kwa Anyesi. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Huyo angekuwa wa Loisi, mnyama wake wa kwanza tangu sotoka. Siku tano baada ya Matonya kuja, Loisi alikichomoa kile kisu darini, akakinoa juu ya jiwe, akakirudisha. Wala hakumwambia mtu.

Asubuhi moja alikwenda kisimani na punda wawili, akamwacha Reli apumzike na Kijivu aliyekuwa amelemewa. Jua halijapanda sana alikuwa anarudi, na kwa mbali akamsikia Elieza akipayuka.

"Amezaa! Jamani, baghala amezaa! Njooni muone!"

Loisi aliacha punda na mitungi njiani, akakimbia. Katikati ya zizi Reli alikuwa amesimama, miguu ameitanua, na chini yake alikuwepo mtoto mbichi, manyoya bado yameshikana, anatetemeka. Reli alikuwa anamlamba. Kule mlangoni Kijivu alikuwa analia mpaka sauti imekatika, na ubavuni ana jeraha la kwato. Kondo la nyuma lilishaliwa na mbwa wa Elieza, na Elieza mwenyewe alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwa Matonya, nyonga na yote.

Loisi alielewa palepale. Kijivu ndiye aliyezaa. Reli, ambaye hakuwa hata na mimba, amemwona mtoto, akampenda, akamnyang'anya.

"Wee Reli!" alisema huku anahema. "Umefanya nini wewe?"

Akaingia. Reli alimruhusu kumgusa mtoto, akamruhusu kumpapasa shingo, lakini Kijivu alipothubutu kusogea, teke lilipita hewani likavunja mti wa uzio. Loisi akamvuta Reli kwa kamba. Ni kama kuvuta nyumba. Mtoto akanyanyua pua, akatafuta chini ya tumbo la Reli, akapata, akanyonya. Akaacha. Akanyonya tena. Halafu akalia kilio chembamba.

Matonya alifika kabla ya adhuhuri, na hakuja peke yake. Jumbe Hamidi alikuwa kwake siku hiyo kwa mambo ya kodi, basi akaja naye, kanzu imekunjwa kiunoni, na nyuma yao umati wa watu. Matonya alipomwona yule mtoto chini ya baghala wake, aliruka. Mzee mzima, tumbo lile, aliruka juu mara mbili kama kwenye ngoma ya vijana.

"Mbukwenyi!" aliwasalimu wote kwa Kigogo. "Mnaona? Mnaona wenyewe? Jumbe, shuhudia!" Halafu akamgeukia Loisi, na uso wake ukabadilika, ukawa laini. "Dada yangu, nimekudhania vibaya. Mbele ya watu hawa nasema, nilikuonea. Mnyama alikuwa anachelewa tu. Nisamehe."

Watu wakaitikia, wakampongeza Loisi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Elieza akawa anaangalia vidole vya miguu yake.

Loisi alisimama pale na moyo wake ukiwa umegawanyika, sikufichi. Angenyamaza tu. Hakutakiwa hata kusema uongo, kunyamaza kulitosha. Jina lake lilikuwa limesafishwa mbele ya jumbe, mnyororo umeondoka, punda wote wanabaki. Gharama yake ni mtoto mmoja wa punda. Na amekosa wangapi maishani? Akauma midomo.

Mtoto akajaribu kunyonya tena, magoti yakamwishia, akaanguka. Reli akamsukuma kwa pua ainuke. Akainuka, akaanguka.

"Baba Matonya," Loisi alisema, na sauti yake akaisikia kama ya mtu mwingine. "Huyu si wa Reli. Ni wa Kijivu. Reli kamnyang'anya. Hana maziwa, na mtoto tangu azaliwe hajapata hata tone. Jua likizama hajanyonya, kesho mtakuja kuchukua ngozi."

Vigelegele vilikatikia mdomoni.

"Unasemaje?" Matonya aliuliza.

"Nasema Reli hajazaa. Leo hajazaa na jana hajazaa."

"Jumbe, umemsikia?" Ule ulaini usoni mwa Matonya ulikuwa umeshakauka. "Kijivu ni wa Anyesi, si ndiyo? Na hii ni mimba yake ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu! Basi mtoto wa tatu ni wa nani, mama Loisi?"

Jibu walikuwa wanalijua wote. Mnong'ono ukapita kwenye umati, na Elieza akapata nguvu ya kuinua kichwa.

"Tamaa hiyo!" Matonya alifoka. "Watoto wangu umewapeleka mjini, na huyu tuliyemwona kwa macho yetu unataka kumgeuza wako! Na wa Kijivu umemficha wapi? Jumbe, mtu huyu afungwe leo leo."

Jumbe Hamidi akajikuna ndevu. Alikuwa mtu wa mjini, mambo ya mazizi hayakuwa yake. "Mama, maneno yako mazito. Una shahidi?"

"Sina. Lakini kama mnaniona na tamaa, basi hivi." Loisi akavuta pumzi. "Mtoto huyu si wangu. Mnasikia wote? Namtoa. Achukue Matonya, tangu sasa, ni wake. Mimi naomba kitu kimoja, anyonye kwa mama yake kabla hajafa."

Maneno hayo yalimuuma kuyatoa, na macho yalimjaa machozi hapohapo, mbele za watu. Matonya akababaika kidogo. Mtu mwenye tamaa hatoi. Lakini alikuwa ameshapanda juu, na kushuka kwa mtu kama Matonya si jambo la mara moja.

"Siwezi kumtoa mtoto wa baghala kwa mama yake nikampa punda," alisema. "Wewe unasema Reli hana maziwa. Nani kamkamua?"

Na hapo Loisi akamtazama, kama mtu aliyeamshwa. Miaka mitatu! Miaka mitatu ya maneno, na hakuna aliyefikiria kuangalia. Yeye hakuona haja ya kumwonyesha mtu, na wao waliogopa mateke.

"Jumbe," alisema, "huyu Matonya anafahamu nini kuliko watu wote wa hapa?"

"Ng'ombe," jumbe akasema.

"Ukimpa kiwele ashike, akiwa amefumba macho, si atakuambia huyu kazaa mara ngapi?"

Watu wakaitikia kwamba ndiyo, hilo halina ubishi. Matonya mwenyewe, kwa mazoea ya kusifiwa, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi njoo ushike cha Reli. Mimi nitamshika kichwa. Nikikuponza, nifunge mnyororo mara mbili."

Mtu mmoja akacheka kwa woga. Matonya aliutazama uzio, akamtazama Reli, akatazama watu wanavyomtazama. Hakukuwa na pa kutokea. Akavua shuka lake la begani, akampa jumbe, akaingia.

Loisi akafungua kaniki aliyojitanda, akamfunika Reli macho, akamkumbatia kichwa, akaanza kumsemesha sikioni. Alimwambia nini, alijua yeye na Reli. Masikio yale marefu yakalala. Matonya akanyata, akachuchumaa ubavuni, jasho likimtiririka, akapeleka mkono chini ya tumbo.

Mkono ukatulia. Ukasogea kidogo, ukatulia tena. Watu wote walikuwa wanauangalia uso wake, na uso ule ulianza kwa hofu, ukaja mshangao, kisha ukawa uso wa mtu anayefanya kazi anayoijua. Akabinya chuchu moja, akabinya ya pili. Akaitazama mikono yake, mikavu.

Akatoka taratibu, akaenda mpaka kwa Kijivu mlangoni, akachuchumaa tena. Hakuhitaji hata kubinya. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano, yalikuwa yanadondoka yenyewe miguuni mwa punda yule.

"Vipi, mzee?" jumbe akauliza.

Matonya alijifuta mikono mapajani. "Mtamba," alisema. "Reli ni mtamba. Kiwele chake kama ngumi ya mtoto, chuchu hazijawahi kunyonywa mpaka leo. Hajazaa. Hajazaa hata mara moja tangu azaliwe." Kisha akasema, na safari hii hakupaza sauti wala hakuishusha, "Mtu huyu nimemwita mwizi bure."

Wakati watu bado wanaguna, Loisi alikuwa ameshampa Matonya kamba ya Reli, macho bado yamefunikwa, na yeye amembeba mtoto kifuani mpaka kwa Kijivu. Kijivu akamnusa. Mtoto akatafuta, akapata, na sauti ya kunyonya kwake ilisikika zizi zima. Loisi akaketi chini kwenye samadi, akalia kwa raha. Reli naye, asiyeona kitu, alianza kuita, na sauti yake haikuwa ya punda wala ya farasi.

Hapo ndipo Loisi alipoyakumbuka maneno ya Shaban, akayasema. Mtakie kazi tu, usimtakie kingine. Jumbe Hamidi akajipiga paji la uso. "Lo! Hata mimi nilisikia pale stesheni kwamba hawa hawazai, nikadhani ni mzaha!" Watu wakamtazama jumbe kwa namna ambayo hakuipenda, akaanza kukung'uta kanzu.

Matonya alikuwa amekunja uso. Aibu ilikuwa inageuka hasira, kama kawaida yake. "Maksai wangu wawili! Nimetoa maksai kwa mnyama asiyezaa, asiyekamuliwa, asiyeliwa! Kesho nampeleka stesheni, wakamfunge porini awe chambo cha simba, kuna wazungu wanatafuta." Akamwelekea Loisi. "Na wewe, mtoto wako chukua. Ulimtoa kwa sababu yangu, namrudisha. Ni jike, nimemwona. Atakuzalia."

Loisi alikuwa bado chini. Akamtazama yule mtoto wa kike, mkia unachezacheza, mnyama wake wa kwanza tangu sotoka. Halafu akamtazama Reli, aliyefunikwa macho, anayegeuza masikio huku na huku kumtafuta mtoto kwa kusikia.

"Baba Matonya," alisema, "mtoto baki naye. Nipe Reli."

"Mama Loisi!" jumbe akasema. "Umechanganyikiwa? Huyu mdogo baada ya miaka michache ana watoto, na watoto wana watoto. Huyu mwingine ataanza na yeye na kuisha na yeye."

"Najua."

"Sasa?"

"Mvua tatu amenibebea maji, na fisi hajala mtoto hata mmoja hapa. Leo tangu alfajiri amesimama hapo bila jani mdomoni, analinda mtoto wa mwenzake." Loisi akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Mimi nimelea vya watu miaka ishirini na zaidi, jumbe. Nimwache huyu aende kwa simba, halafu mimi nilale?"

Matonya alifikiri kidogo sana, mtoto jike kwa mnyama wa kutupa, akakubali haraka kabla mama hajabadili mawazo. Alishaanza kuondoka alipokumbuka jambo, akarudi.

"Lakini huyu mtoto bado ananyonya. Nitamweka kwa nani?"

"Hata sijui," Loisi akasema. "Labda kwa Elieza."

Umati ukaangua kicheko, na Matonya mwenyewe akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kwako, mama. Kwako, na akizaa mara tatu, wa tatu wako. Na wengine nitakuletea, walindwe na huyo jini wako."

Wakaondoka. Ilichukua siku nne Reli kukubali kusimama karibu na Kijivu bila kurusha teke, na Loisi alizikaa siku hizo katikati yao, kulia kaniki, kushoto kamba. Siku ya tano aliamka akawakuta wote watatu wamelala pamoja, mtoto katikati.

Anyesi aliporudi kutoka Makutupora alisimuliwa yote, akashika kiuno. "Shoga, umepewa mtoto ukakataa, ukachukua mnyama asiyezaa. Ujira wako utautoa wapi?"

"Kwa huyu singoji ujira," Loisi alimjibu. "Njoo unishikie kijinga cha moto, kule darini kuna giza."

Akachomoa kisu. Akakinoa tena, ingawa kilikuwa kimeshanolewa. Kule zizini Anyesi alibaki nje ya uzio, kama kila mwenye akili. Loisi alilishika sikio la kushoto la Reli, akalilaza juu ya kiganja. Akakata mara moja. Akakata mara ya pili. Reli alitikisa kichwa, akakoroma, akarudisha pua yake begani kwa Loisi.

Damu ilikuwa kidogo. Loisi aliipangusa kwa kidole gumba, akairudia alama ile kuitazama, mikato miwili, sikio la kushoto.

"Wangu," alisema.

Anyesi hakusikia vizuri, akauliza amesemaje. Loisi akalisema tena neno lile, safari hii kwa nguvu.